Bwawa la Kalemawe na Wageni Wake

Hotuba hii ilitolewa kwa wajumbe wa kamati za maendeleo za parokia katika semina iliyofanyika Ndungu, wilayani Same. Tumeifupisha kidogo ili iweze kuenea katika kurasa zetu.



Nimepewa nafasi niseme juu ya matembezi na wanyamapori katika bwawa letu wakati wa ukame. Niliposoma barua ya mwaliko nilicheka kidogo. Mpare ukimtajia mapumziko, jambo la kwanza atakalokuuliza ni kama shamba limekwisha kupaliwa. Tena wengine hututania kwamba hatuendi mahali bila kuhesabu nauli mara tatu. Lakini vijana wetu wanakwenda Kalemawe, tutake tusitake. Wanakwenda Jumapili baada ya Misa, wanakwenda sikukuu ya Pasaka, wanakwenda kupiga picha. Na wanyama nao wanakwenda. Ukame ukija, wote hukutana kwenye dimbwi moja. Hilo ndilo lililonifanya nikubali kusimama hapa.

Kwa faida ya wageni nieleze kwanza mahali tulipo. Nyuma yetu ni milima ya Upare Kusini, ambayo kilele chake, Shengena, kinafikia mita 2,462. Mbele yetu ni mbuga kavu ya Mkomazi, inayoendelea hadi kuungana na Tsavo upande wa Kenya. Sisi wa Ndungu tumebanwa katikati, juu ya ukanda mwembamba wa ardhi nzuri. Mvua zinazonyesha mlimani hutushukia kwa mito: Hingilili upande wa Gonja, Saseni, na Yongoma ambao ndio unaolisha skimu yetu ya mpunga ya hekta 680, iliyojengwa kwa msaada wa Japani mwishoni mwa miaka ya 1980. Maji yanayobaki huteremka hadi Kalemawe, ambayo kwenye ramani nyingi imeandikwa Kalimawe. Ni bwawa lililotengenezwa na watu. Mto uliwekewa ukuta, maji yakatandaa. Kutoka hapo maji huingia Mto Mkomazi na hatimaye Pangani, hadi baharini.

Naomba mzingatie hilo neno "yanayobaki". Kalemawe haina maji yake yenyewe. Hupata kile ambacho mlima umekiachia na mashamba yamekisaza.

Eneo linalozunguka bwawa liliwahi kuwekwa katika daraja la pori tengefu, na upande wa pili ni Mkomazi, iliyotangazwa kuwa pori la akiba mwaka 1951 na kupandishwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2008, yenye kilomita za mraba zaidi ya 3,200. Hatuna simba na nyumbu kwa maelfu kama Serengeti. Tuna wanyama wa nchi kavu ambao huko Serengeti hutawaona kwa urahisi: choroa, tandala mdogo, swala twiga anayesimama kwa miguu ya nyuma ili ale majani ya juu. Na faru weusi. Faru wa Mkomazi walikuwa wamemalizwa na majangili kufikia miaka ya 1980. Mwaka 1997 wakaletwa wanne kutoka Afrika Kusini, wakawekwa ndani ya uzio, na wengine wakafuata. Baadhi ya watoto wetu waliwaona kupitia mpango wa Rafiki wa Faru, ambao ulikuwa ukichukua wanafunzi wa vijiji vya jirani kwa basi na kuwaingiza hifadhini. Watoto hao leo ni watu wazima, na nimeona wanavyozungumza juu ya hifadhi tofauti na sisi wazee, ambao tulijifunza kuiangalia kama mahali pa kufukuzwa. Hapa nisipite kimya: wafugaji waliokuwa wakilisha ndani ya Mkomazi waliondolewa mwaka 1988, wakaenda mahakamani, wakashindwa. Ukizungumza uhifadhi katika wilaya hii bila kukumbuka hilo, watu watakusikiliza kwa adabu na hawatakuamini.

Sasa niingie bwawani.

Mwaka wenye mvua nzuri Kalemawe ni mahali pa kumshukuru Mungu. Ndege wa maji wanajaa, mwari wanaelea, korongo wamesimama kwenye matete, wavuvi wanarudi na perege na kambare, na viboko wamezama mbali wakionyesha masikio tu. Mtoto anakaa ukingoni na kuhesabu masikio. Hakuna ubaya wowote.

Mwaka wa ukame sura inabadilika. Bwawa letu limejaa tope, kwa hiyo ni pana lakini halina kina. Bwawa la namna hii ni kama sinia. Maji yaliyo ndani ya mtungi hukaa, yaliyo kwenye sinia huondoka na jua. Katika nchi ya joto kama yetu jua na upepo vinaweza kuchukua maji ya kina cha karibu mita mbili kwa mwaka mmoja. Bwawa lenye kina kirefu litapungua. Lenye kina kifupi litakwisha. Ukingo hurudi nyuma kila wiki, likaachwa tope jeusi ambalo juu limekauka na chini ni laini. Ng'ombe aliyekonda akiingia humo kutafuta maji hana nguvu ya kujitoa. Mliokuwa hapa mwaka 2021 kuelekea 2022 mnakumbuka harufu.

Viboko nao hawana pa kujificha. Kiboko mchana anahitaji maji kwa sababu ngozi yake haistahimili jua. Usiku anatoka kwenda kula majani. Maji yakipungua, wanarundikana pamoja na kuanza kugombana. Majani ya karibu yakiisha, wanatembea mbali zaidi, na mbali zaidi maana yake ni majaruba yetu. Alfajiri wanarudi majini kwa njia ile ile ambayo mama anapita na ndoo.

Niwaambie kisa kimoja, na kosa ni letu wenyewe, ofisi yetu haina wa kumlaumu. Miaka kadhaa iliyopita tulipeleka vijana wa parokia mbili kwenye matembezi ya siku moja. Ulikuwa mwisho wa kiangazi. Sisi waandalizi tulikagua chakula, tulikagua magari, tulikagua mpira wa miguu. Bwawa hatukulikagua. Tulipofika, maji yalikuwa yamerudi nyuma sana, na vijana wakafurahi kwa sababu lile tope kavu lilikuwa uwanja mzuri wa mpira. Wakacheza. Hakuna aliyefikiri kwamba baadhi ya viboko walikuwa wamelala kwenye kichaka cha matete upande wa nchi kavu, na kwamba sisi sasa tulikuwa tumesimama katikati yao na maji. Kijana mmoja alifuata mpira. Kiboko alitoka. Namshukuru Mungu kwamba mvuvi mmoja aliyekuwa akishona nyavu alipiga kelele mapema, na kijana akakimbilia upande badala ya kukimbia moja kwa moja. Alivunjika mkono kwa kuanguka, basi. Mzee yule wa nyavu alitugombeza mbele ya vijana wetu, na alikuwa na haki. Alisema hata mtoto wa darasa la kwanza wa Kalemawe anajua kwamba husimami kati ya kiboko na maji. Sisi tulikuwa na vyeti vya uongozi wa vijana.

Baada ya hapo wajumbe wengine walitaka matembezi yafutwe kabisa. Nitarudi kwenye jambo hilo.

Mgeni mwingine wa ukame ni tembo. Mkomazi na Tsavo ni nchi moja kwa tembo. Mpaka wa serikali hauoni. Hesabu ya kutoka angani ya mwaka 2017 iliwakuta karibu 13,000 katika eneo lote hilo, wengi wao wakiwa Kenya. Tembo mkubwa hunywa lita mia moja na zaidi kwa siku. Visima vya hifadhi vikikauka, wanafuata harufu ya maji, na harufu hiyo inatoka kwenye mfereji wetu. Wakishafika kwenye maji wanakuta mpunga umeiva. Tembo hana kalenda ukutani, lakini msimu wa mavuno anaujua kuliko bwana shamba.

Wale wanaosema wanyama wana raha kuliko sisi, wasikie. Ukame wa 1970 na 1971 uliua maelfu ya tembo Tsavo. Ule wa juzi, wa 2022, serikali ya Kenya ilitangaza kwamba kati ya Februari na Oktoba walikufa tembo 205, nyumbu 512 na pundamilia wa kawaida 381 katika maeneo yake ya wanyamapori. Kwa hiyo tembo anayeingia shambani usiku hakuja kwa kiburi. Lakini pia mjane aliyelala kwenye dungu na debe la kupiga, akaamka na kukuta nusu jaruba limekanyagwa, usimwambie habari za utalii. Kifuta jasho kipo kisheria tangu kanuni za mwaka 2011, na jina lake linasema ukweli: ni cha kufuta jasho, hakijaitwa fidia. Fomu zake zina safari ndefu. Kamati ya parokia inaweza kusaidia jambo dogo hapa: kuwa na mtu mmoja anayejua kuijaza na kuhakikisha uharibifu umeandikishwa mapema kwa mtendaji wa kijiji, kabla nyayo hazijafutika.

Kuhusu uzio wa nyuki, ambao baadhi ya wafadhili wetu mmeuliza kwa barua. Majirani zetu wa Sagalla, karibu na Voi, wameufanyia kazi kwa miaka mingi. Mizinga inaning'inizwa kwenye waya kuzunguka shamba. Tembo akigusa waya, mizinga inatikisika, nyuki wanatoka. Matokeo yao ni ya kutia moyo: wakati mazao yamestawi, zaidi ya tembo 80 katika kila 100 waliokaribia waligeuka. Lakini someni na sehemu ya pili ya taarifa yao. Ukame wa mwaka 2017 ulipokuja, maua yalikosekana, nyuki wakahama, na sehemu kubwa ya mizinga ikabaki mitupu. Yaani uzio ulidhoofika katika majira yale yale ambayo tembo wana njaa zaidi. Sisemi tusijaribu. Nasema mwenye kuandika andiko la mradi asiahidi kwamba nyuki watalinda mpunga mwaka ambao mlima haujapata mvua.

Hili linanifikisha kwenye banda. Wageni wetu mliochangia banda la mapumziko pale Kalemawe mna haki ya kujua limeishaje. Lilijengwa vizuri, bati halijang'oka hata moja. Siku ya uzinduzi ungeweza kutupa jiwe kutoka kwenye benchi likaangukia majini. Ukame uliofuata, kutoka kwenye benchi hadi majini ilikuwa safari ya kuvua viatu. Wachungaji wa mbuzi walilitumia kwa kivuli, nasi hatukuwazuia. Mvua za El Nino za mwishoni mwa 2023 zilipokuja, maji yalirudi na wageni wakarudi. Tulijenga banda kana kwamba bwawa ni kitu kilichotulia. Katika taarifa yetu ya kwanza tuliandika kwamba mradi umekamilika kwa asilimia mia moja. Kwa hesabu ya matofali ni kweli.

Watu wengi wanasema dawa ni kuchimba tope. Bwawa hili limetajwa hata bungeni. Mimi nami naunga mkono lichimbwe. Lakini tope lile linatoka wapi? Ndugu zangu wa mlimani, naomba mnivumilie.

Tope lile ni shamba lenu. Wazee wetu walijenga matuta ya mawe, na walikuwa na ndiva. Wageni, ndiva ni bwawa dogo la kijiji. Maji ya mto yanaingizwa humo usiku, asubuhi yanafunguliwa kwa zamu. Ilikuwa na wasimamizi wake, na siku ya kazi ya ndiva kila nyumba ilitoa mtu, asiyekuja alitozwa. Hiyo ni elimu ya ukame kuliko semina hii. Ndiva nyingi zimeachwa zijae udongo. Tangawizi imeleta fedha Mamba Miamba na vijiji jirani. Imejenga nyumba na kulipa ada, na mimi siwezi kumlaumu mtu kwa kusomesha watoto. Lakini tangawizi inataka udongo ulegezwe, inataka maji kiangazi chote, na mashamba yamepanda mteremko hadi yanagusa msitu. Mnakumbuka Novemba 2009, mlima ulipoporomoka kule Mamba Miamba na kuchukua roho za watu zaidi ya ishirini. Udongo ulioshuka siku moja kwa msiba ule unashuka pia kila mwaka kidogo kidogo, bila kelele, na unaishia Kalemawe. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Nani hapa amewahi kupima mita 60 kutoka Yongoma? Mimi sijawahi. Nimeisoma tu.

Wa tambarare nao wasishangilie. Sisi tunafungulia banio usiku zamu ikiwa si yetu, na maji yakishapita jarubani tunayaacha yapotee barabarani. Kila mmoja wetu anamlaumu aliye juu yake, na aliye chini kabisa ni kiboko, ambaye hana mjumbe katika kamati.

Mnakumbuka habari za nabii Eliya kwenye kijito cha Kerithi. Kijito kilikauka kwa kuwa mvua haikunyesha, hata nabii akalazimika kuondoka, na alikwenda kwa mjane maskini kuomba maji na mkate. Nimekuwa nikiifikiria sehemu hiyo ya pili. Wakati wa ukame aliyehama ni nabii, na aliyebanwa kugawana ni mjane. Hapa kwetu anayehama ni tembo.

Sasa matembezi. Mjumbe mmoja aliniuliza jana, tena kwa ukali: watu wanapanga foleni ya maji, wewe unaomba fedha za kosta kupeleka vijana kutembea? Swali ni halali. Jibu langu ni kwamba vijana wa Ndungu wengi hawajawahi kuona maji yao yanatoka wapi. Wanajua bomba, wanajua mfereji. Na vijana wa mlimani wengi hawajawahi kuona maji yao yanaishia wapi. Katika miaka yote tumewapeleka wote mahali pamoja, bwawani, kwa sababu kuna upepo na samaki wa kukaanga.

Napendekeza tubadilishe. Kiangazi asiende mtu bwawani kwa matembezi. Tuwaachie wanyama na wachotaji, na wavuvi. Kiangazi vijana wa tambarare wapande mlimani: wafike maporomoko ya Thornton pale Gonja, wafike ukingoni mwa msitu wa Shengena na mtu wa misitu, walale kwenye parokia za juu, na siku moja katika hizo washike majembe kuzibua ndiva pamoja na wenyeji. Mvua zikishanyesha na bwawa likijaa, wa mlimani washuke, waone mwari, wahesabu masikio ya viboko kutoka mbali wakiongozwa na mvuvi wa pale, ambaye alipwe kama mwalimu na si kupewa soda. Anayeweza kuongeza siku, aingie Mkomazi. Ada ya Mtanzania ni ndogo sana ikilinganishwa na ya mgeni. Gharama ni ile ile ya nauli, ila tunazigeuza njia.

Banda libaki lilipo. Liwekwe benki ya taarifa, yaani ubao mmoja tu, ambapo kila mwisho wa mwezi kijana mmoja wa Kalemawe ataandika maji yamefika wapi kwa hatua kutoka kwenye benchi. Hatua, si mita. Kila mtu anazo. Nakala iende kwa jumuiya ya watumia maji na ofisi ya Bonde la Pangani, na nyingine isomwe kwenye matangazo ya Jumapili mlimani. Nataka msikie kule juu, mkiwa na tangawizi zenu, kwamba mwezi huu ni hatua mia mbili.

Kwa wafadhili wetu nina ombi moja lisilopendeza. Fedha zilizobaki kwenye fungu la banda, ambazo zilipangwa kwa vyoo na jiko la wageni, mturuhusu tuzitumie kwa ndiva mbili na miche ya kupanda kando ya Yongoma. Hamtapata picha nzuri ya uzinduzi. Ndiva ikizibuliwa inaonekana kama shimo lenye maji machafu. Tena matokeo yake bwawani hayataonekana kwa mwaka mmoja wala miwili, na ukame mkubwa ukija kabla ya hapo, bwawa litakauka hata kama tumefanya kila kitu sawasawa. Sitaki kuandika asilimia mia moja mara ya pili.

Kamati za parokia mjadili leo mchana. Walio tayari kupokea vijana mwezi Agosti wajiandikishe kwa katibu, na waseme wana magodoro mangapi, siyo mioyo mingapi. Wenye mashamba kando ya mto waje kwangu na kamba. Kesho asubuhi kabla ya kifungua kinywa tunakwenda kupima mita 60 kuanzia kwenye banio. Tutaanza na shamba langu.

 Naambiwa makande yako tayari.